Caroline Herschel, Mama Aliyechunga Nyota Majira Yote



Kila mara tunaleta hapa maisha ya mtu mmoja wa zamani aliyefanya kazi kubwa duniani. Tukihesabu wale tuliokwisha kuandika, tunaona ni wanaume karibu wote. Mara hii tumechagua mwanamke, tena mwanamke mfupi, aliyeugua mingi utotoni, na ambaye mama yake mzazi hakutaka asome. Jina lake ni Caroline Herschel. Alikuwa mchunguzi wa nyota.

Tunaeleza sababu ya kumchagua. Kati yetu kuko wasichana wanaojua kwamba mwaka ujao pengine hawatarudi kalasini. Feza ya masomo haitoshi watoto wote, na nyumbani wamekwisha kuamua nani atabaki. Wavulana pia wanajua jambo hili, kwa sababu ni wao wanaorudi na kiti cha dada yao kinabaki wazi. Basi tumetaka tusome pamoja habari za mtoto mmoja aliyebakishwa nyumbani, tuone namna alivyopata njia, na ni kitu gani njia ile ilimgarimu.

1. Utoto wake

Caroline alizaliwa tarehe 16 mwezi wa tatu mwaka 1750 katika mji wa Hanover, inchi ya Ujerumani. Baba yake, Isaac Herschel, alikuwa mpiga muziki katika jeshi. Hakuwa tajiri, lakini alipenda elimu, na usiku watu walipomaliza kula alizungumza na wana wake wanaume juu ya muziki, juu ya hesabu, na juu ya jua na nyota. Caroline alikaa kando, akisikiliza.

Alipokuwa mtoto mdogo alishikwa na ndui. Akapona, lakini alama zilibaki usoni, na jicho la kushoto liliharibika kidogo. Alipokuwa na miaka 10 akaugua homa kali ya tifusi. Akapona tena, lakini mwili wake haukukomaa vizuri: hata alipokuwa mtu mzima kimo chake kilikuwa karibu metre 1 na sentimetre 30 tu. Wazazi wake walizani kwamba hakuna mwanaume atakayemwoa. Mama yake akakata shauri kwamba mtoto huyu atakuwa mfanyakazi wa nyumba: kufua, kupika, kushona soksi za kaka zake. Kusoma na kuandika kidogo kulitosha. Mama aliogopa hata zaidi ya hapo, kwa maana aliona kwamba wana wake wanaume walisoma, kisha wakatoka nyumbani wakaenda mbali. Tusimhukumu haraka. Alitaka abaki na mtoto mmoja wa kumsaidia. Hata kwetu mama wengi wanafikiri vile.

Baba hakuwa na nguvu ya kumshinda mama katika jambo lile. Lakini usiku mmoja wa baridi kali, mbingu ikiwa safi, alimtoa Caroline nje njiani akamwonyesha makundi ya nyota, moja kwa moja, pamoja na nyota yenye mkia iliyoonekana wakati ule. Mwaka 1764, jua lilipopatwa, watu wa nyumba yao walilitazama ndani ya maji ya chombo kikubwa uani, kusudi macho yasiumie. Hayo ndiyo masomo ya kwanza ya nyota aliyopata. Hayakuwa na kitabu wala darubini. Isaac alikufa mwaka 1767, na Caroline akabaki jikoni miaka mingine mitano.

2. Kaka yake anakuja kumtafuta

Kaka yake William, aliyemzidi miaka zaidi ya 11, alikuwa amekwenda Uingereza tangu mwaka 1757. Alifundisha muziki katika mji wa Bath na alikuwa mpiga kinanda wa kanisa moja la pale. Mwezi wa nane mwaka 1772 alirudi Hanover akamwomba mama yao amwachilie Caroline. Mama hakutaka kumpoteza mfanyakazi wake. Ndipo William akaahidi kutuma feza kila mwaka, kusudi mama aweze kumlipa mtumishi mahali pa Caroline. Mkisoma vizuri mtaona jambo hili: ili binti aende kujifunza, ilikuwa lazima mtu mmoja alipe bei ya kazi yake ya nyumbani. Kumbe kazi ile, ambayo walikuwa wanaiona kama si kitu, ilikuwa na bei.

Huko Bath Caroline alikuwa na miaka 22. Hakujua Kiingereza. Kila asubuhi, wakati wa chakula, William alimfundisha Kiingereza na hesabu, na kisha namna ya kuimba. Baada ya miaka michache aliweza kusimama mbele ya watu wengi akaimba peke yake katika Masiya ya Handel, ule wimbo mkubwa ambao wanakwaya wanajua Haleluya yake. Watu wa mji mwingine wakamwita akaimbe kwao kwa malipo. Akakataa, akisema ataimba tu mahali kaka yake anapoongoza.

Lakini William alikuwa amekwisha kushikwa na hamu nyingine. Mchana alifundisha muziki, usiku alitazama nyota. Darubini za kununua zilikuwa gali, hivi akaanza kutengeneza zake mwenyewe. Darubini yake haikutumia kioo cha dirisha, ilitumia kioo cha madini: shaba nyekundu na bati vilivyoyeyushwa pamoja, vikamwagwa katika kalibu, kisha vikasuguliwa mpaka vikang'aa sawa maji matulivu. Nyumba ikageuka kuwa kiwanda. Caroline aliponda mavi ya farasi na kuyachunga katika chekecheo, kwa maana kalibu ilifanywa kwa mavi yale. Kioo kimoja kilisuguliwa saa 16 bila kuachilia, na Caroline akamtia kaka yake chakula kinywani, kipande kwa kipande, kwani mikono yake haikuweza kuondoka kwenye kazi. Siku moja mwaka 1781 madini yaliyoyeyuka yakatoka katika tanuru yakamwagika chini. Mawe ya sakafu yakapasuka na kuruka kila upande, na watu wakakimbia kuokoa roho zao.

Mwaka ule ule, tarehe 13 mwezi wa tatu, William aliona katika darubini yake kitu ambacho hakikuwa nyota. Ilikuwa sayari mpya, ile inayoitwa leo Uranus. Tangu zamani za kale watu walijua sayari tano za kuonekana kwa macho, na hakuna mtu aliyekuwa amegundua nyingine. Mfalme George III akampa William mshahara wa pauni 200 kwa mwaka, kusudi aache kufundisha muziki na afanye kazi ya nyota tu. Mwaka 1782 wakahamia kijiji cha Datchet, karibu na jumba la mfalme. Caroline hakuulizwa. Maisha yake ya mwimbaji yakaisha hapo.

3. Kazi ya usiku

Sasa lazima tueleze kidogo namna mbingu inavyokwenda, kwa maana bila hiyo hatutafahamu kazi yake.

Kila mtu ameona kwamba nyota zinatoka mashariki na kushuka magaribi kama jua. Lakini kuko jambo lingine ambalo wengi hatulioni. Nyota inayotoka leo saa mbili ya usiku, kesho itatoka mapema kidogo, dakika 4 mbele. Dakika 4 si kitu, sivyo? Lakini katika siku 30 zinakuwa dakika 120, ndizo saa mbili nzima. Katika miezi 12 zinakuwa saa 24, na nyota ile inarudi kwa saa yake ya kwanza. Ni hivi kwa sababu dunia inalizunguka jua mara moja kwa mwaka, na kila usiku tunatazama upande mwingine kidogo wa mbingu. Kwa hiyo kila majira yana nyota zake. Mtu akitazama mwezi mmoja tu, ameona sehemu moja tu. Akitaka kuona mbingu yote inayofika kwake, lazima achunge mwaka mzima. Akikosa majira moja, lazima angoje mpaka mwaka ujao.

William alitaka kuhesabu yale mawingu madogo ya nuru yanayoonekana kati ya nyota. Mfaransa mmoja, Charles Messier, alikuwa amekwisha kuandika orodha ya kama 100. William na Caroline wakaamua kupekua mbingu yote. Namna yao ilikuwa hii. Darubini kubwa, yenye urefu wa karibu metre 6 na kioo cha karibu sentimetre 47, ilielekezwa kusini. Ikapandishwa na kushushwa polepole, na mbingu yenyewe ikapita mbele yake, kama vile mtu anavyokaa kando ya mto na kutazama maji yakipita. William alisimama juu ya ngazi gizani, jicho katika darubini. Hakuweza kuandika, kwa maana mtu anayetazama taa anapoteza nguvu ya kuona gizani, na inampasa kungoja mingi kabla ya macho kurudi. Kwa hiyo Caroline alikaa kando ya dirisha na taa, na saa, na vitabu vya nyota. William alipoona kitu alipaza sauti. Caroline aliandika saa na dakika, mahali kilipo, na sura yake, kisha akarudia kwa sauti kusudi wasikosane. Asubuhi alifanya hesabu zote na kuandika upya kwa usafi.

Hapa kuko jambo ambalo litawafurahisha wale wanaoogopa hesabu. Caroline alianza hesabu akiwa mtu mzima, na meza ya kuzidisha haikuingia kamwe katika kichwa chake. Alitembea nayo imeandikwa katika karatasi. Na kwa karatasi ile alifanya hesabu za maelfu ya nyota. Hatusemi hivi kusudi mwalimu wa hesabu atukasirikie. Tunasema tu kwamba mtu anayejua kilema chake na kukitafutia dawa anaweza kufika mbali.

Wakati muzuri wa kazi ile ulikuwa wakati mubaya wa mwili. Kule Uingereza usiku haulingani kama kwetu. Mwezi wa sita usiku ni mfupi, kama saa saba na nusu, tena giza halikamiliki. Mwezi wa kumi na mbili usiku unafika saa 16, lakini ni wakati wa baridi na teluji. Usiku mmoja wino uligandamana ndani ya nyumba, na kioo cha darubini kikapasuka vipande viwili kwa ukali wa baridi. Caroline na William hawakuingia kulala mpaka mawingu yafunike mbingu ao kuche.

Tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili mwaka 1783, teluji ikiwa imefunika udongo, nyota zilionekana katikati ya mawingu. William akamwita haraka. Caroline akakimbia gizani, akateleza, akaanguka juu ya kulabu kubwa ya chuma ya darubini, ambayo ilimwingia mguuni juu ya goti. Walipomwinua, nyama ilibaki katika kulabu. Alijifunga mwenyewe. Baadaye daktari alisema kwamba askari mwenye kidonda cha namna ile angepumzishwa hospitalini majuma sita. Lakini Caroline, alipoandika habari hiyo, alijifariji kwamba usiku ule mawingu yalirudi, hivi kaka yake hakupoteza kazi kwa ajili yake.

Tulipozungumza juu ya jambo hili sisi wenyewe, hatukukubaliana. Wengine walisema: huyu alikuwa mtumwa wa kaka yake. Wengine wakasema: hapana, alipenda kazi. Tunaona pande zote mbili zina haki. Lakini tusonge mbele kwanza.

4. Nyota zenye mikia

William alimpa darubini ndogo yake mwenyewe, na tangu mwezi wa nane mwaka 1782 alianza kupekua mbingu peke yake, usiku ule ambao kaka yake hakumhitaji. Mwaka 1783 aligundua mawingu ya nuru ambayo hakuna mtu aliyeyaandika mbele yake. Moja aliliona tarehe 23 mwezi wa tisa, chini sana karibu na upeo wa kusini. Leo wenye elimu wanaliita NGC 253. Si wingu. Ni kundi la nyota elfu nyingi mara elfu nyingi, mbali hata nuru yake inasafiri zaidi ya miaka milioni 10 kutufikia. Kule Uingereza halipandi sana. Kwetu huku, karibu na ikweta, linapita juu sana mwezi wa kumi na wa kumi na moja jioni. Mwenye darubini ndogo ya mkono anaweza kuliona, kama mvua inampa nafasi.

Mwaka 1786 walihamia Slough. Mwezi wa nane wa mwaka ule William alikuwa safarini Ujerumani kupeleka darubini ya zawadi ya mfalme. Caroline alibaki. Tarehe 1, usiku, aliona kitu kama ukungu mdogo. Akajiuliza: ni wingu la nyota, ao ni nyota yenye mkia? Namna ya kujua ni moja tu, yaani kungoja usiku mwingine na kuona kama kimehama. Kesho yake mbingu ilijaa mawingu mpaka usiku mkubwa. Hakulala. Saa saba ya usiku aliandika kwamba kitu kimehama: ni nyota yenye mkia. Kabla hajalala aliandika barua kwa wenye elimu wawili, Charles Blagden na Alexander Aubert, kuwapa habari.

Kutoka mwaka 1786 mpaka mwaka 1797 aligundua nyota zenye mikia nane. Moja aliyoiona mwaka 1795 ndiyo ile inayoitwa Encke, inayorudi kila miaka mitatu na zaidi kidogo. Ile ya mwisho, mwaka 1797, aliiona usiku, akalala saa moja tu, kisha akapanda farasi akaenda mpaka Greenwich kumpa habari mkubwa wa wachunguzi wa nyota wa mfalme, Nevil Maskelyne. Wakati ule alikuwa na miaka 47.

Mwaka 1787 mfalme alikubali kumlipa Caroline pauni 50 kwa mwaka kama msaidizi wa kaka yake. Ni sehemu ya ine ya mshahara wa William. Lakini inazaniwa kwamba katika Uingereza hakuna mwanamke aliyelipwa mshahara kwa kazi ya sayansi mbele yake. Alipopokea malipo ya kwanza aliandika kwamba ni feza ya kwanza katika maisha yake yote ambayo alijiona huru kuitumia namna anavyotaka mwenyewe. Alikuwa na miaka 37.

5. Wakati wa uchungu

Mwaka 1788 William alioa mjane, Mary Pitt. Kwa miaka 16 Caroline alikuwa mwenye kutawala nyumba ya kaka yake. Sasa alitoka akaenda kukaa katika vyumba vya kupanga, na kila siku akarudi kwa kazi ya darubini. Aliumia mingi. Aliandika daftari la siku zake maisha yote, lakini kurasa za miaka iliyofuata arusi ile aliziharibu zote mwenyewe baadaye. Hivi hatujui alisema nini. Tunazani alipokuwa mzee aliona aibu kwa maneno ya hasira aliyokuwa ameandika, kwa maana siku zile alimpenda wifi yake kama rafiki, na mtoto aliyezaliwa mwaka 1792, John, alikuwa furaha yake kubwa.

Na tuone: ni katika miaka ile, akikaa peke yake, aligundua saba kati ya nyota zake nane zenye mikia. Tena alipekua orodha kubwa ya nyota ya John Flamsteed, akaikosoa, akapata nyota zaidi ya 500 zilizokuwa zimesahauliwa. Kitabu hicho kilipigwa chapa mwaka 1798 kwa jina lake. Wale kati yetu waliosema kwamba alikuwa mtumwa tu wakumbuke miaka hii.

6. Uzee wake na habari ya Afrika

William alikufa mwezi wa nane mwaka 1822. Kazi yao ya pamoja ilikuwa imefikisha orodha ya vitu karibu 2,500 vya mbingu. Caroline, kwa huzuni, aliondoka Uingereza akarudi Hanover akiwa na miaka 72, akifikiri kwamba atakufa upesi. Aliishi miaka 25 tena. Pale mjini nyumba ndefu zilimfungia mbingu, na hakuweza kutazama kama zamani. Lakini mikono haikupumzika. Alipanga upya orodha yote ile, kipande kwa kipande cha mbingu, kusudi mtoto wa kaka yake, John, aweze kurudia kazi ya baba yake kila usiku bila kupotea. Kwa kazi hiyo Chama cha Wachunguzi wa Nyota cha London kilimpa nishani ya zahabu mwaka 1828. Baada yake hakuna mwanamke aliyepata nishani ile peke yake mpaka mwaka 1996.

John alipomaliza mbingu ya kaskazini alijua kwamba kazi ni nusu tu. Kuko nyota za kusini ambazo hazitoki kamwe juu ya Uingereza, hata mtu angoje majira yote. Basi mwaka 1833 aliingia melini pamoja na mke na watoto, na mwanzo wa mwaka 1834 akafika Afrika ya Kusini, katika inchi ya Cape. Akasimamisha darubini yake chini ya mlima wa Meza, akachunguza mpaka mwaka 1838. Shangazi yake alikuwa na miaka 83 alipopata habari ya safari. Akajibu kwamba kama angekuwa kijana kidogo angekwenda naye. Tena akampa kazi: atazame sana kundi la Nge, upande wa chini, kwa maana William alikuwa ameona pale fasi nyeusi pasipo nyota hata moja, lakini kutoka Uingereza Nge inakaa chini sana. Siku hizi tunajua kwamba fasi zile nyeusi si matundu. Ni mavumbi mengi yanayoficha nyota zilizo nyuma yake.

John alichapisha kitabu kikubwa cha kazi yake ya Cape mwaka 1847. Caroline alikipokea mikononi akiwa na miaka 97. Kazi iliyoanza na mtoto mmoja na baba yake njiani Hanover, usiku wa baridi, ikawa imeizunguka mbingu yote, kaskazini na kusini.

Alikufa tarehe 9 mwezi wa kwanza mwaka 1848. Katika sanduku lake walitia, kama alivyoagiza, nywele kidogo za William na kalenda ya zamani iliyokuwa ya baba yake. Mwaka 1888 orodha mpya ya vitu vya mbingu, ile yenye herufi NGC, ilijengwa juu ya orodha ya John, na chini yake iko ile ya Caroline. Wachunguzi wangali wanaitumia.

7. Sisi tufanye nini?

Hatuna darubini hapa shuleni. Caroline pia, siku ya kwanza, hakuwa nayo. Lakini tuna kitu ambacho yeye hakuwa nacho: tunakaa karibu na ikweta. Usiku wetu ni wa saa 12 hivi mwaka mzima, na karibu nyota zote, za kaskazini na za kusini, zinapita juu yetu kwa zamu.

Tunawashauri mfanye hivi. Kila mmoja atwae kaye moja ya zamani yenye kurasa zilizobaki. Achague mahali pamoja uani, na saa moja, tuseme saa mbili ya usiku. Kila juma, kama hakuna mawingu, aandike tarehe na nyota gani ziko juu ya kichwa. Mwezi wa kwanza ataona Kilimia, lile kundi dogo la nyota zinazobanana ambalo wakulima wa Afrika wamelifuata tangu zamani kwa kujua wakati wa kulima. Mwezi wa tano atalitafuta na hataliona, kwa sababu jua liko upande ule. Mwezi wa sita litarudi kabla ya mapambazuko, kwa wale wanaoamka mapema kuteka maji. Mwezi wa saba jioni ataona Nge juu, na mkia wake umejikunja, na kando yake zile fasi nyeusi ambazo mzee Caroline alizihangaikia. Lakini wakati wa kiangazi moshi wa mioto ya mapori unafunika mbingu mara nyingi. Wakati wa mvua mawingu yanafunika. Lazima kuvumilia na kungoja. Ndiyo kazi yenyewe.

Na neno letu la mwisho ni kwa wazazi, kwa heshima. Isaac Herschel alikuwa maskini, na hakumpa binti yake shule. Alimpa usiku mmoja tu njiani. Fikirini kama angempa zaidi. Ninyi mnaopima sasa ni mtoto gani atarudi kalasini mwaka ujao, tunawaomba msiangalie kwanza ni mvulana ao msichana, wala ni mrefu ao mfupi. Angalieni nani kati yao yuko uani usiku, akiuliza.